Pampu Isipozunguka, Mashine Isiwake: Kufunga Stima ya Mashine ya Klorini ya Chumvi Nyumbani

Mashine ya klorini ya chumvi hutengeneza klorini ya kusafisha bwawa la kuogelea kutokana na chumvi iliyotiwa majini. Ina sehemu mbili: sanduku la stima linalofungwa ukutani, na seli inayokaa kwenye bomba la maji. Sanduku hupokea volti 240 na kuzishusha ziwe stima ya DC ya volti chache tu, kama ya betri. Seli ina mabamba ya titani. Stima ikipita kati ya mabamba hayo ndani ya maji ya chumvi, upande mmoja hutoka klorini, upande wa pili haidrojeni. Klorini ndiyo uliyoinunulia mashine. Haidrojeni ni gesi inayolipuka, na ndiyo inayoamua nyaya zifungwe vipi.

Maji yakitembea, gesi hiyo huchukuliwa hadi bwawani na kupotelea hewani bila mtu kuiona. Maji yakisimama huku seli ikiendelea kufanya kazi, gesi hujaa sehemu ya juu ya bomba, na hapo cheche moja yatosha kupasua seli au kung'oa kifuniko cha chujio. Wengi hudhani hatari pekee ya kazi hii ni mtu kunaswa na stima majini. Hiyo ipo, na tutaifikia. Ila ajali ya gesi huandaliwa kimyakimya siku fundi alipochomeka mashine kwenye soketi yake ya pekee, isiyozimika pamoja na pampu, kwa sababu tu soketi ilikuwa karibu.

Upande wa volti 240 ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Wewe mwenye nyumba unaweza kufunga mabomba, kutia chumvi na kusimama nyuma ya fundi ukijua unachotakiwa kuona. Mafundi hodari wa nyumba si haba Kisumu na Nakuru, lakini fundi wa nyumba si lazima awe amewahi kufunga bwawa. Mpe maelezo haya kabla hajaandika orodha ya vifaa.

Soma kibandiko cha sanduku kwanza

Tafuta maandishi ya volti 220–240 na 50 Hz, au 50/60 Hz. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kuja imepangwa kwa volti 120, na ndani ina viunganishi vidogo vya kuhamishia ziwe 240. Visipohamishwa kabla ya kuwasha, transfoma huungua siku hiyo hiyo. Kwenye mashine hizo utaona L1 na L2: hapa kwetu laini huingia L1 na nyutro L2. Ikiwa kibandiko kinasema 60 Hz peke yake, irudishe dukani. Stima yetu ni ya 50 Hz, na transfoma ya namna hiyo huchemka hata kama volti ni sahihi.

Nyingine huja na plagi ya miguu miwili ya Ulaya. Usiitafutie adapta. Mashine hii hufungwa moja kwa moja kwenye swichi ya kuitenga, haichomekwi.

Mahali pa sanduku

Kanuni ya kimataifa ya stima za mabwawa, IEC 60364-7-702, huligawa eneo kwa maeneo matatu. La kwanza ni ndani ya bwawa lenyewe. La pili hufika mita 2 kutoka ukingoni. La tatu huongeza mita 1.5 nyingine. Kwa hiyo sanduku, bodi na swichi zote zikae zaidi ya mita 3.5 kutoka ukingo wa maji. Mtu aliye majini asiweze kuvigusa hata akinyoosha mkono kwa fimbo ya wavu.

Nyumba nyingi zimejenga chumba cha pampu chini ya ardhi, shimo lenye mfuniko. Pampu ikae humo, si kitu, hata huvuta maji vizuri zaidi. Sanduku la stima lisikae humo. Mvua ya Aprili ikijaza shimo, pampu hufa peke yake. Sanduku na bodi vikiwa ndani, maji ya shimo yote hupata stima. Funga sanduku na bodi kwenye ukuta wa nje au kibanda, mita 1.5 juu ya ardhi, chini ya paa, kwenye kasha la IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa.

Jambo moja ambalo watu hulipuuza: dumu za asidi zisikae chumba kimoja na bodi. Mvuke wa asidi ya haidrokloriki hula shaba hata dumu likiwa limefungwa, na baada ya miezi michache kila skrubu ya bodi ina unga wa kijani.

Kebo kutoka nyumbani

Chukua mfano wa pampu ya kawaida ya kW 0.75, yaani nguvu farasi moja. Huvuta ampea 5 hivi ikizunguka, na mara tano au sita ya hizo kwa sekunde chache inapoanza. Mashine ya chumvi huongeza ampea moja tu. Jumla ni kama ampea 6 hadi 7.

Kwa umbali wa mita 30, kebo ya deraya, ile iliyozungushiwa nyuzi za chuma ndani, yenye nyaya tatu za mm² 4, hupoteza volti 2.3 hivi kwa ampea 7. Ya mm² 2.5 hupoteza 3.8. Tofauti yaonekana ndogo, lakini wakati pampu inaanza na kuvuta ampea 30, ile nyembamba hupoteza volti 16. Ukiwa mwisho wa laini, ambapo saa mbili usiku stima hushuka hadi 200, volti 16 ndizo hufanya pampu igune bila kuzunguka. Nunua ya mm² 4.

Ifukie sentimita 60 chini, juu ya mchanga laini, kisha utandaze utepe wa onyo kabla ya kujaza udongo. Kila mwisho uwe na gilandi, yaani kifungio cha kebo, ya shaba iliyobana zile nyuzi za chuma, maana nazo huunganishwa na ethi, waya wa kwenda ardhini. Kwenye bodi kuu ya nyumba, kebo itoke kwenye breka ya ampea 20 iliyo nyuma ya RCD (kifaa kinachokata stima ikivuja kwenda ardhini) ya mA 100 yenye kuchelewa, aina S. Ukiweka ya mA 30 hapa na kwenye bodi ya pampu pia, hitilafu ndogo ya bwawa itazima nyumba nzima, na hutajua ni ipi iliyoanza.

Ndani ya bodi ya pampu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Vifaa ni hivi:

- swichi kuu ya kutenga, yenye kukata laini na nyutro pamoja
- kinga ya radi, SPD aina ya 2, ifungwe kabla ya RCBO
- RCBO ya ampea 16, mA 30, mkunjo C (unaovumilia mshtuko wa mota kuanza), aina A
- taima ya saa 24
- kontakta (swichi inayovutwa na koili ya sumaku) ya ampea 25, koili ya volti 230
- kinga ya pampu ya kuzidiwa, iliyopangwa kwa ampea za kibandiko cha pampu
- breka ya ampea 6 kwa mashine ya chumvi
- swichi ya kutenga ya IP66, karibu na sanduku la mashine

RCBO ni breka yenye kazi mbili: hukata mkondo ukizidi, na hukata mkondo ukivuja kwenda ardhini. Aina A ni muhimu. Zile za bei rahisi, aina AC, huweza kupumbazwa na mkondo wa vifaa vya elektroniki kama sanduku hili, zikakaa kimya siku zinapohitajika.

Mpangilio ni huu. Stima hutoka RCBO na kuingia kontakta. Taima haibebi pampu. Huiamuru koili ya kontakta tu. Midomo ya taima ya ampea 16, yaani vyuma vinavyogusana kupitisha stima, hustahimili taa na hita, lakini mshtuko wa mota kuanza kila siku huishikamanisha, na pampu haizimiki tena. Kutoka upande wa kutokea wa kontakta, nyaya zigawanyike mara mbili: tawi moja la mm² 2.5 liende kwenye kinga ya kuzidiwa na pampu. Tawi la pili la mm² 1.5 liende kwenye breka ya ampea 6, kisha swichi ya kutenga, kisha mashine.

Yaani pampu ni mama, mashine ni mtoto mgongoni. RCBO ikikata, wote wamezima. Taima ikizima, wote wamezima. Breka ya ampea 6 ikikata, mashine peke yake imezima, na hilo halina madhara.

Bado kuna upenyo mmoja. Kinga ya kuzidiwa ikikata pampu peke yake, mashine ingebaki inawaka. Kwa hiyo midomo ya 95 na 96 ya kinga hiyo ipitishe waya wa koili ya kontakta. Pampu ikizidiwa, koili hukosa stima, kontakta huachia, na mtoto analala pamoja na mama.

Na usije ukaweka fridge guard kwenye pampu peke yake. Kifaa hicho husubiri dakika tatu hivi stima ikirudi. Kikiwa kwenye pampu tu, dakika hizo tatu mashine inachemsha haidrojeni kwenye maji yaliyosimama, kila mara stima inapokatika. Kwa eneo ambalo stima hukatika mara mbili kwa wiki, hiyo ni bahati nasibu. Kinga ya volteji ya namna hiyo iwekwe kwenye waya wa koili, ili icheleweshe vyote viwili.

Kwa nini waya peke yake hautoshi

Mpangilio huu unahakikisha kwamba pampu ina stima. Hauhakikishi kwamba maji yanapita kwenye seli, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Pampu iliyo juu ya usawa wa bwawa ikizimwa na kukatika kwa stima, huweza kuvuta hewa na kupoteza maji yake. Stima ikirudi, inazunguka kavu. Pia, unapoosha chujio kwa kurudisha maji nyuma, vali hupeleka maji yote kwenye bomba la kumwaga taka. Pampu inanguruma, lakini seli, ambayo iko baada ya chujio, haipati hata tone.

Ndiyo maana kuna swichi ya mtiririko, inayoizuia mashine kufanya kazi maji yasipopita. Ifunge kwenye bomba lililonyooka karibu na seli, na kabla yake kuwe na sentimita 30 zisizo na kona wala vali, la sivyo maji yenye msukosuko huichezesha. Mshale wake ufuate maji. Waya wake ni wa volti ndogo. Upitishe kwenye mfereji wake, usilale bega kwa bega na nyaya za 240. Na fundi yeyote atakayeziunganisha nyaya mbili za swichi hiyo pamoja ili taa ya hitilafu izime, mfukuze. Wewe nawe uzime swichi ya kutenga ya mashine kabla ya kuosha chujio, kila mara.

Seli yenyewe iwe kitu cha mwisho kwenye njia ya maji: baada ya chujio, baada ya paneli za kupasha maji kama zipo. Waya wake wa DC usiurefushe. Hubeba ampea nyingi kwa volti ndogo, na kiungo chochote cha katikati huchemka na kushika kutu.

Ethi na vyuma vyote

Maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko maji ya kawaida. Hatari hutokea pale vyuma viwili vinavyoguswa kwa wakati mmoja vinapokuwa na volteji tofauti: mkono kwenye ngazi, miguu majini. Dawa ni kuvifunga vyuma vyote pamoja viwe na volteji moja.

Unganisha ngazi, reli za mkono, ganda la mota, nondo za zege la bwawa, mabomba ya chuma na uzio wowote wa chuma ulio ndani ya mita 2. Tumia waya wa shaba wa mm² 6, kijani na njano, na klipu za shaba au chuma cha pua, hadi kwenye bamba la ethi la bodi ya pampu. Kanuni inaruhusu mm² 4, lakini karibu na chumvi nyembamba huliwa upesi. Nondo zishikwe kabla ya zege kumwagwa. Kwa bwawa lililokwisha jengwa, tafuta nondo kwenye kishimo cha taa ya bwawa au pembeni mwa zege, uchimbue hapo.

Kisha pima. Mita 20 za mm² 6 zina ukinzani wa omu 0.06. Ukipata omu 1 kati ya ngazi na bamba la ethi, kuna nati iliyolegea au yenye kutu mahali fulani.

Fimbo ya ethi ni suala la udongo. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hupasuka kiangazi na kuachana na fimbo. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru hupitisha maji upesi na kubaki mkavu. Kihesabu, RCBO ya mA 30 hukata hata kwenye omu 1,600, lakini BS 7671, kanuni ya Uingereza ya kufunga stima, huona kuwa ethi inayozidi omu 200 haitabiriki. Sisi tungelenga chini ya 50, kipimo kikichukuliwa Februari ardhi ikiwa kavu. Fimbo moja ya mita 1.2 isipotosha, unganisha ya pili na ya tatu kwenda chini, usiziweke kando kando.

Kama nyumba ina jenereta au inveta, acha bodi ya bwawa nje ya swichi ya kubadilishia. Jenereta ndogo ambayo nyutro yake haijaunganishwa na ethi haiipi RCBO njia ya kuona uvujaji. Bwawa linaweza kusubiri stima irudi.

Kuhusu radi: Kisii, Kakamega na ukanda wa ziwa hupata ngurumo nyingi sana, na hiyo SPD si mapambo. Dirisha lake likigeuka jekundu, imekwisha kazi; badilisha kipande chake.

Kupima kabla ya chumvi

1. Stima ikiwa imezimwa, na waya za mashine zikiwa zimetolewa, pima kebo kwa volti 500 za DC. Kati ya laini na ethi, na nyutro na ethi, isipungue megaomu 1. Ukisahau kutoa mashine, kipimo hicho kitaiua.
2. Rudisha waya, washa, hakikisha laini na nyutro hazijabadilishana.
3. Fundi apime RCBO kwa kifaa: kwa mA 30 ikate ndani ya milisekunde 300, kwa mA 150 ndani ya 40. Kitufe cha majaribio ubonyeze mwenyewe kila mwezi.
4. Pampu ikizunguka na mashine ikiwaka, zima taima. Mashine izime papo hapo.
5. Bonyeza kitufe cha kujaribia kinga ya kuzidiwa. Vyote vizime.
6. Punguza vali ya kurudisha maji hadi mtiririko uwe mdogo. Taa ya mtiririko iwake. Baadhi ya mashine huchukua hadi dakika moja.
7. Zima swichi kuu, subiri dakika, washa. Tazama nani anaanza kwanza. Mashine isiwahi kuitangulia pampu.

Ikishindwa namba 4, 5, 6 au 7, usitie chumvi.

Chumvi

Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina mita za ujazo 48. Mashine nyingi hutaka chumvi gramu 3,200 hivi kwa kila mita ya ujazo. Thibitisha kwenye kijitabu chake. Hiyo ni kilo 154, yaani magunia matatu ya kilo 50 na kidogo juu. Tia matatu, pima, ndipo uongeze.

Nunua chumvi nyeupe ya punje, isiyo na iodini, kama ile inayovunwa pwani upande wa Gongoni na Marereni. Ya kulambisha ng'ombe, hata ikiwa rahisi kiasi gani sokoni, ina chuma na shaba, na itapaka plasta madoa. Plasta mpya ikae kama mwezi mmoja kabla haijaona chumvi.

Mimina mashine ikiwa imezimwa, sugua sakafu kwa brashi, zungusha pampu saa 24, kisha washa. Kwa jua la Kisumu, panga gramu 3 za klorini kwa kila mita ya ujazo kwa siku: gramu 144. Seli ya gramu 20 kwa saa itazitoa kwa saa saba na kidogo, basi weka taima iwashe kwa muda wa saa nane.

Hitilafu za mara kwa mara

*RCBO hukata mvua ikinyesha.* Maji yameingia kwenye kasha la viungo au gilandi imelegea. Tafuta pia sisimizi na mijusi. Hupenda joto la transfoma na huacha uchafu unaopitisha stima. Ziba kila tundu.

*RCBO hukata hata kukiwa kukavu.* Zima swichi ya kutenga ya mashine uwashe tena. Ikishika, tatizo ni mashine. Ikikata, toa waya za pampu. Mara nyingi sili ya pampu imevuja maji hadi kwenye mota.

*Taa inasema chumvi kidogo, na kipimo chako kinasema ipo.* Tazama mabamba. Yakiwa na ukoko mweupe, zima, toa seli, iloweke dakika 10 kwenye asidi sehemu moja na maji sehemu kumi, ukitia asidi kwenye maji na si maji kwenye asidi. Usifanye kila wiki, maana asidi hula tabaka la mabamba. Seli ikiwa safi, pima joto la maji: chini ya nyuzi 15 hivi mashine nyingi hupunguza kazi. Nakuru, Julai asubuhi, sogeza taima ianze saa nne.

*Plagi ya seli imekuwa ya kahawia au inanuka plastiki.* Mguso umelegea na unachemka. Usiipinde pini ukaendelea. Badilisha waya mzima na plagi yake, na uangalie upande wa sanduku pia, kwa sababu pini zilizochemka huharibu tundu zinamoingia.